Tramadol kapsuli kumi kwa siku: ataachaje bila kuanguka kifafa?

Mdau_Makorora:
Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa dawa. Mdogo wangu ana miaka 29, ni dereva wa bodaboda, alivunjika mguu akawekewa chuma. Aliandikiwa dawa ya maumivu, tramadol ya 50 mg, kapsuli moja mara tatu kwa siku, siku tano. Sasa huu ni mwezi wa nane na amefika kapsuli kumi kwa siku, ananunua bila cheti. Usiku anameza amitriptyline ya 25 mg apate usingizi. Akikosa tramadol siku moja tu anatoka jasho, anaharisha, anasema anahisi sisimizi chini ya ngozi. Unga hatumii, sindano hajichomi. Aache kwa mkupuo au apunguze? Kama ni kupunguza, kwa hesabu gani? Na methadone, ile dawa wanayonyweshwa watu wa unga kliniki, inamhusu?

Mfamasia_Zamu:
Asiache kwa mkupuo, mkuu. Hao sisimizi ni arosto, yaani mwili kudai dawa uliyoizoea, ileile ya watu wa unga, ila ya tramadol ina mkia wake. Dawa hii inafanya kazi mbili kwa pamoja: inashika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na mofini, na inazuia serotonini na noradrenalini, kemikali ambazo neva hupashana nazo habari, zisirudi ndani ya neva. Ukiikata ghafla umekata vyote viwili. Ndiyo maana mbali na jasho, miayo, makamasi na tumbo, wengine hupata hofu kali, ganzi mikononi, hata kuona vitu visivyokuwepo.

Kabla ya hesabu, chukua karatasi ya dawa uisome mwenyewe. Kapsuli ya kawaida ni 50 mg. Zipo za 100 mg na zaidi zinazotoa dawa polepole, na hizo hazifunguliwi wala kutafunwa, maana dozi ya nusu siku itaingia mwilini mara moja. Kisha kuna za magendo za 225 na 250 mg, ambazo zimeisumbua sana Afrika Magharibi. Kumi za 50 ni 500 mg. Kumi za 225 ni 2,250 mg, na huyo ni mtu wa kulazwa, si wa kupunguziwa nyumbani. Kama karatasi haina kiasi, namba ya toleo wala jina la kiwanda, hesabu yoyote utakayopiga ni ramli.

Ikithibitika ni 500 mg, daktari akikubali, mpango unaweza kwenda hivi. Gawa kila saa sita: 3-2-2-3. Dozi moja haitakiwi kuvuka 100 mg na jumla ya siku isivuke 400, kwa hiyo zile tatu tatu ndizo za kuanza nazo. Siku ya kwanza toa moja ya asubuhi, baada ya siku tatu au nne toa moja ya usiku. Hapo yuko 2-2-2-2. Kuanzia hapo toa kapsuli moja kila wiki, ukianza na za mchana. Ya usiku iwe ya mwisho kuguswa, kwa sababu usingizi ukikatika ndipo mtu anaporudi dukani.

Nesi_MAT:
Nakubaliana na Mfamasia hadi kwenye 300 mg, baada ya hapo simfuati. Kutoa kapsuli moja ukiwa kwenye 500 ni sehemu ya kumi. Kutoa ileile ukiwa kwenye 150 ni theluthi nzima, na mwili unaijua tofauti hiyo. Wengi hushuka vizuri mpaka 150 halafu wanakwama, wanaambiwa hawana nia, kumbe hatua ndiyo kubwa. Chini ya 300 shuka kwa 25 mg: tafuta tembe za 50 mg zenye mstari wa kugawa, au matone ya kunywa ambayo daktari ataandika. Kapsuli usiigawe kwa kumwaga unga kwenye kijiko, hupati nusu kwa nusu. Kutoka 300 hadi 100 shuka kila wiki, ni wiki nane. Kutoka 100 hadi sifuri shuka kila wiki mbili, ni nane nyingine. Ukijumlisha na mwanzo ni miezi minne na ushei. Akizidiwa abaki pale alipo wiki moja zaidi, lakini asipande tena.

Jambo la haraka kuliko hayo yote ni amitriptyline. Tramadol peke yake inashusha kizingiti cha kifafa, yaani kifafa kinakuja kirahisi zaidi, hasa juu ya 400 mg. Amitriptyline nayo inashusha. Zikikutana zinaongeza pia serotonini: mtu anatetemeka, anapata joto, mapigo yanakimbia, misuli inakakamaa, anachanganyikiwa. Ukiona hivyo ni hospitali saa hiyohiyo. Fluoxetine, dawa ya sonona, ina shida hiyohiyo. Lakini msimkatie amitriptyline ghafla kwa kunisoma mimi hapa, daktari aione kesho na aamue. Pombe na diazepam marufuku kabisa, hizo pamoja na tramadol ndizo zinazozima pumzi.

Mdau_Makorora:
Asanteni sana. Karatasi nimeisoma, ni 50 mg na jina la kiwanda lipo. Sasa dawa ashike nani? Na hizo siku za arosto anapewa nini? Yeye anaogopa akienda hospitali ataitiwa polisi.

Tabibu_Kijijini:
Polisi hawaitwi kwa sababu mgonjwa kasema ukweli wa dawa anazomeza. Siri ya mgonjwa ipo palepale. Aseme kiasi halisi, maana daktari akidanganywa kuwa ni kapsuli nne atampangia mpango wa kapsuli nne, na kesho yake kijana yuko kwenye arosto kamili.

Dawa asishike yeye. Ndugu mmoja anayeaminika au famasi moja igawe ya siku saba kwenye bahasha saba, juu ya kila moja yaandikwe tarehe na mgawo, kwa mfano "2-1-2-2". Bahasha ya kesho haifunguliwi leo hata alie. Akimeza za siku mbili kwa siku moja, msimpe adhabu ya kumkalisha bila dawa, mrudisheni kwenye mgawo na mumwarifu daktari.

Arosto huanza saa 12 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hupanda siku ya pili na ya tatu, hupungua ndani ya wiki hivi. Akishushwa polepole hataiona yote, ataonja tu. Kuharisha: maji ya ORS, pakiti moja kwenye lita moja, na loperamide tembe mbili za 2 mg kisha moja kila baada ya choo cha maji, zisizidi nne kwa siku. Wapo wanaomeza loperamide kwa kiganja wakidhani itaziba pengo la tramadol, inachovuruga ni mapigo ya moyo. Maumivu: paracetamol 1 g, mara nne kwa siku kwa wingi wake. Jasho na kutotulia: clonidine, dawa inayoshusha presha, lakini hiyo inaandikwa na daktari na presha inapimwa kabla ya kila dozi. Ikiwa chini ya 90/60 haitolewi.

Na mguu upigwe picha. Miezi minane ni mingi. Huenda mfupa haujaunga, huenda chuma kimelegea au kuna usaha. Pia opioidi, yaani dawa za jamii ya mofini kama tramadol, zikikaa muda mrefu zenyewe huongeza wepesi wa kuumia, hivyo sehemu ya maumivu inaweza kuondoka pamoja na dawa.

Nesi_MAT:
Methadone: kliniki hizi zilianza Muhimbili 2011, zikafuata za mikoani na Zanzibar, na Kenya wakaanza 2014. Zilijengwa kwa watumiaji wa heroini. Unafika kila siku, unakunywa mbele ya muuguzi. Mtu wa 500 mg ambaye hajagusa unga kwanza ashushwe, maana methadone hukaa mwilini zaidi ya siku nzima na kuiacha ni kazi ndefu kuliko tramadol. Mpango ukishindikana mara mbili tatu, hapo mjadala unafunguliwa upya. Namba ya bure ya Mamlaka ya dawa za kulevya ya Tanzania ni 119, watakuelekeza huduma ya karibu.

Kumbuka pia: akishakaa bila dawa hata wiki mbili, uzoefu wa mwili umeshuka. Akirudia kumi kwa mkupuo ni kama mgeni. Mboni zikiwa kama ncha ya sindano, anakoroma vibaya na midomo inageuka bluu, mlaze ubavu mkimbie hospitali. Naloxone, dawa ya hospitali inayozima nguvu ya opioidi, inarudisha pumzi ila kwa tramadol haimalizi kila kitu, na kifafa kinaweza kufuata.

Mfamasia_Zamu:
Nakubali sahihisho la Nesi, chini ya 300 fuata lake. Akianguka kifafa, msimtie kijiko mdomoni, ondoeni vitu vya karibu, angalieni saa. Zikipita dakika tano ni gari. Na funguo ya pikipiki ikae kwako, mkuu, mpaka daktari aseme.