Tupeane uzoefu: ulinyimwa kazi, mkopo au nyumba kwa sababu ya ulivyo?

Mleta mada: Rafiki yangu kaachishwa kazi siku tatu baada ya bosi kusikia anaishi na mwanamke mwenzake. Nimekumbuka yangu. Yaliyowakuta yamwageni hapa.

Kipepeo: Mimi nimebadili jinsia. Usaili nilipita vizuri. Siku ya kusaini nimeshaandika herufi mbili za jina, dada wa utumishi akafungua vyeti. Jina la kiume, na aliyekaa mbele yake mwanamke. Akageuza kitambulisho nyuma, akageuza mbele, akanitazama kifuani. Akaita wenzake wawili. Wakasimama mlangoni wananong'ona, mmoja kajiziba mdomo. Kisha akauvuta ule mkataba taratibu kutoka chini ya mkono wangu, wino haujakauka. "Tutakupigia." Kazi ya zamani nilikuwa nimeshaiaga. Miezi saba nikaishi kwa kukopa, mwenye nyumba naye akanitoa.

Fundi wa Usiku: Kwenye vyeti ndipo tunapokwama wengi.

Mkweli: Kazini pelekeni kazi. Ya chumbani yabaki chumbani.

Bint Subira: Huyu kapeleka chumba gani? Kapeleka cheti! Mimi fomu ya bima iliuliza jina la mwenza, nikaacha wazi miaka sita. Mwenzangu alipolazwa nililipa mfukoni, na makato nakatwa kama wewe.

Mkweli: Sheria zipo, shtakini.

Hodari: Zipi? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 111 wa mwaka 1958 unataja rangi, dini, jinsia; mwelekeo wa kimapenzi haumo. Afrika Kusini wameutaja mwelekeo huo kwenye katiba ya 1996. Marekani, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2020 kwamba huwezi kumfukuza mtu kwa hilo. Lakini ziko nchi ambako mapenzi ya jinsia moja bado ni jinai. Huko unaingia mahakamani mlalamikaji, unatoka mshtakiwa.

Tuliza: Jiajirini jamani. Cherehani haiulizi kitambulisho.

Kipepeo: Benki inauliza. Mtaji niliuomba kwa kitambulisho kilekile.

Bint Subira: Na wateja wakisikia? Mimi walihama wote ndani ya wiki mbili.

Fundi wa Usiku: Kipepeo, anza na hati ya kisheria ya kubadili jina, ndipo uombe vyeti vipya. Kila barua wanayokupa itunze.

Tuliza: Hati ninayo mwaka wa nne huu. Vyeti bado vya zamani.

Kipepeo: Fundi, wewe walikubadilishia kwa hati tu, au walitaka amri ya mahakama?