Kigoma: Nimeuziwa kiwanja ndani ya ziwa, na muhuri wa mtaa umegongwa!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nivumilieni. Wasimamizi msiuhamishie huu uzi jukwaa la vichekesho.

Mwaka jana mwezi wa kumi dalali alinipeleka kuona kiwanja hapa Kigoma mjini, upande wa ziwani. Mtaa siutaji. Akili yangu yote ilikuwa kwenye vyumba vya kupangisha: vyumba sita, choo ndani, wapangaji wa bandarini na wa dagaa, halafu reli ya SGR nayo inakuja. Kwenye daftari hesabu ilikaa vizuri mno. Dalali kala elfu 20 ya kuonyesha, akapima kwa hatua kutoka ufukweni: "Bosi, mita mia hizo, na chenji inabaki." Jamaa ana miguu mifupi, nilipaswa kushtuka pale pale.

Milioni 6 na nusu. Tukaandikishana ofisi ya mtaa, mashahidi wawili kila upande, muhuri paa! Mwenyekiti akataka asilimia kumi ya ofisi. Laki sita na nusu, risiti hakuna. Nikauliza ni kwa sheria ipi, nikajibiwa "ndo utaratibu wa hapa, ndugu yangu". Nikalipa.

Mwezi wa tano, masika yanaisha, naenda na fundi kuchimba msingi. Ule mchikichi uliokuwa alama ya mpaka wa mbele umesimama majini! Watoto wamefunga mtumbwi kwenye shina lake. Nikamleta mpima na futi yake: kutoka maji yalipo hadi kamba ya msingi, mita 23. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ziwani. Akakunja futi, akaniambia kibali cha ujenzi hapa hupati, hati usiiote.

Sasa kila mtu ananiambia "ungefanya upekuzi". Upekuzi wa nini? Upekuzi, yaani kukagua daftari la msajili wa hati, unaonyesha ardhi iliyosajiliwa. Hiki hakijawahi kupimwa, hakina namba, kule msajili angenionyesha nini? Nilichopaswa kufanya ni kwenda mipango miji kabla ya kutoa hata mia, niulize eneo hilo kwenye mchoro limepangiwa nini. Hilo kosa ni langu, nalibeba. Lakini mwenyekiti amezaliwa pale pale! Ziwa lilivyopanda miaka ile aliona majirani zake wanahamisha vitanda. Akagonga muhuri hivyo hivyo.

Nimemfuata. Mnajua kanijibu nini? "Mimi nilishuhudia mauziano, sikushuhudia ziwa."

Muuzaji kahamia Uvinza, simu inaita tu. Na dalali, huyu ndiye kanimaliza kabisa, kanipigia juzi kwa upole: "Bosi tulia, mwezi wa kumi maji yakishuka tutakitafutia mteja." Yaani niuziwe mimi, kisha na mimi nimuuzie mwenzangu!

Aliyewahi kufika Baraza la Ardhi na Nyumba kwa kesi ya namna hii anisaidie: mwenyekiti anaunganishwa kwenye shauri, au ni muuzaji peke yake? Na ile asilimia kumi isiyo na risiti, mtu anaidaije?

Jibuni haraka. Nina tofali za kuchoma 1,200 pale, na jirani keshaanza kuzihamisha, anasema anaziokoa na maji.