Friji ya RV (gari la kulala safarini) mkirudi safari: mnazima au mnaiacha?

Ndugu zangu, hamjambo?

Nina aibu ya kuwasimulia na swali juu yake. Tulirudi safari tukijua wiki inayofuata tunatoka tena. Nikajiambia, ya nini kushusha vyakula vyote niviingize ndani, halafu nianze kuvipandisha upya? Nikaiacha friji ya RV kwenye gesi, mtungi umejaa, nikafunga milango nikaenda zangu.

Siku ya 8 mume wangu kafungua mlango wa RV, karudi nyuma hatua tatu bila kusema neno. Nyama imeoza, chupa ya maziwa imevimba kama mpira. Lakini kilichonichanganya ni mtungi: gesi karibu yote ipo! Tayari nimeshaambiwa friji imekufa, ninunue nyingine. Na humu kuna watu wanasema zao haziguswi mwaka mzima. Nimsikilize nani?

Mama Mapacha

---

Pole sana dada. Yangu ndiyo hiyo isiyoguswa. RV iko uani, ekstensheni inapita dirishani, maji ya baridi wakati wowote. Friji ya ndani ikijaa, tunamalizia huko. Sioni tatizo liko wapi.

Baba wa Uani

---

Mama Mapacha, usinunue kitu. Nenda kawashe taa za humo ndani kwanza. Zikiwaka kama kibatari au zisiwake kabisa, umeshapata mchawi wako: betri.

Nieleze, maana hili limewaumiza wengi. Friji yako ni ile isiyo na kompresa, ile mota ya kusukuma gesi ya kupoza. Haina kitu kinachozunguka ndani. Ina amonia, maji na haidrojeni kwenye mabomba yaliyofungwa, na unaipa joto ili itoe baridi. Joto linatoka kwenye moto wa gesi au kwenye koili ya umeme, hilo tu. Wasweden wawili, von Platen na Munters, waliibuni mwaka 1922 na mpaka leo kanuni ni ileile. Lakini za siku hizi zina ubao wa umeme unaofungua valvu ya gesi na kupiga cheche, na ubao huo unakula betri ya volti 12 hata kama moto ni wa gesi. Si mwingi, nusu ampea mpaka moja. Ila hesabu: betri ya kawaida ya asidi ya ampea-saa 100 (yaani ampea moja kwa saa 100) haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo una siku 2, ukibahatika 4. Friji nyingine zina na kiwaya cha kupasha fremu ya mlango isitoe jasho. Hicho kinafupisha zaidi. Volti zikishuka, ubao unalala, valvu inajifunga, moto unazima. Ndiyo maana gesi umeikuta. Kama ingewaka kweli, mtungi wa kilo 9 unaiendesha karibu wiki mbili.

Wenye friji ya kompresa ya volti 12, msicheke. Yenu inavuta ampea 4 au 5 kila inaponguruma. Bila sola wala umeme wa nyumba, betri hiyohiyo mnaimaliza kwa siku moja.

Baba wa Uani yuko sawa, kwa sababu ana umeme. Nitamwongezea mawili tu. Kaka, waya mwembamba mrefu unapata moto na unapunguza volti. Ushike kwa mkono ikiwa imewaka saa kadhaa, ukiona una joto badilisha. Na RV ikichomekwa muda wote, chaja ya kizamani inachemsha maji ya betri. Fungua vifuniko kila mwezi, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke.

Kuna jingine watu hawaliwazii kabisa: ulalo. Safarini gari linatikisika, amonia inarudi chini yenyewe. Uani gari limesimama wiki nzima limeinamia upande mmoja, na mchanganyiko unatuama mahali pamoja huku moto unaendelea kuchoma. Bomba linaungua kwa ndani, na hapo hakuna fundi wa kulirudisha. Weka pima maji, kile kipimo cha usawa cha mafundi, sakafuni mwa friza, si kwenye meza. Ukiona rangi ya njano nyuma ya friji au ukasikia harufu kali ya amonia, zima, fungua milango, usiiwashe tena.

Tena gesi isiwake gari likiwa ndani ya gereji au banda lililofungwa. Ule moshi usioonekana unaua. Hapo sina mjadala.

Mimi binafsi: una umeme na safari ni ndani ya siku 10, iache kwenye umeme. Huna umeme, au ni zaidi ya hapo, zima. Kuzimwa hakuidhuru.

Fundi wa Jioni

---

Fundi, mimi huzima, lakini mara ya mwisho nilipofungua nilikuta ukungu mweusi mpaka kwenye mpira wa mlango. Nikasugua siku nzima.

Dada Mdogo

---

Uliifunga ikiwa mbichi. Ukizima, acha barafu iyeyuke yenyewe (kisu usikitie humo, ukitoboa imekwisha), kausha kwa kitambaa, halafu uache mlango wazi kidogo. Mimi natumbukiza taulo iliyokunjwa kati ya mlango na fremu. Ikikaa miezi, kagua pia kichomeo kabla ya kuwasha. Buibui wanapenda kutaga humo, na moto unatoka wa njano badala ya bluu. Washa siku moja kabla ya safari, hazipoi haraka.

Fundi wa Jioni

---

Nimerudi. Betri: volti 10.6. Friji ni nzima, nimeichomeka kwenye umeme na asubuhi kipimajoto kimesoma nyuzi 3.

Pima maji nayo ilikuwa imekimbilia kushoto kabisa, tumeingiza mbao mbili chini ya tairi. Na kwa vile siamini tena mtu wala mashine, nimegandisha kikombe cha maji kwenye friza na kuweka sarafu juu ya barafu. Nikirudi nikaikuta chini ya kikombe, nitajua umeme ulikatika barafu ikayeyuka nikiwa sipo, hata kama imeganda upya. Leo ni siku ya 5. Bado iko juu.

Mume wangu ndiye anayefungua mlango kwenda kuiangalia. Anasimama mbali.

Mama Mapacha