Gari ya spoti ikishagonga, kuanzia Kitonga mpaka Mbalizi: tupeane uzoefu

MzeeWaUyole
Wakuu, habari za jioni. Kuna Toyota Altezza ililala mtaroni jana usiku hapa chini ya Mlima Nyoka. Pua imeingia ndani, sho (fremu ya mbele ya rejeta) imekunjika, feni imebanana na rejeta, kulanti (maji ya kupoza injini) yote imemwagika. Dereva mzima, anatembea. Asubuhi wamekuja vijana wanne wakainyanyua ikatoka, mmoja akakaa kwenye stelingi akawasha, eti waipeleke gereji kwa moto wake maana si mbali. Imepanda mita mia tatu ikazima. Injini ile ya 3S hedi yake ni aluminiamu, bila maji kwenye mlima dakika chache tu inapinda na gasiketi inaondoka. Ajali ilikuwa ya bodi na rejeta, wao wameigeuza ya injini.

Nimeona tufungue uzi. Humu kuna mafundi, watu wa brekdauni (wavuta magari), watu wa bima. Sitaki "nilikuwa nimekanyaga 180 nakaribia Igurusi". Tunataka: gari imeshagonga, sasa nini? Kipi kinavunjika, kipi kinadanganya macho, nani unamwita kwanza.

Ndagafijo
Hapo kwenye "kwa moto wake" umenikuna mzee. Kila wiki.

BrekdauniIpogolo
Kamwene.

Naanza na pembetatu maana ndiyo inayoua wa pili. Pale mlima Kitonga watu wanaiweka hatua kumi nyuma ya gari kama pambo. Lori la tani 30 linaloshuka halisimami kwa hatua kumi. Pembetatu iende juu ya kona, dereva aione kabla hajaiona ajali: hatua 100 mpaka 150 upande wa juu, magari yanakoteremkia, ya pili upande wa chini. Ongeza matawi ya miti, dereva wa lori anayaamini kuliko hiyo plastiki yako. Abiria wote wakae nje ya kingo za chuma, upande wa mlima ikiwezekana. Kuna majeruhi, piga 112, na usimtoe mtu anayelalamika shingo labda gari inawaka.

Kisha betri. Lakini kabla hujang'oa waya hasi fanya mambo matatu: fungua buti, shusha kioo cha dereva, weka gia N. Umeme ukishakatika, otomatiki nyingi zinagoma kutoka P, na handibreki ya kubonyeza ndiyo hutaiachia tena. Ukisikia harufu ya petroli achana na hayo yote, zima swichi, watu wasogee. BMW nyingi betri iko nyuma kwenye buti, usipoteze muda mbele. Ukishang'oa waya subiri sekunde 90 ndipo uingize mikono kwenye stelingi au dashibodi, kama kuna eabegi ambayo haijafumuka. Zina akiba ya umeme.

Kuvuta sasa. Subaru au gari yoyote inayovuta miguu minne ya kudumu, usiinyanyue pua ukaacha nyuma inaviringika. Difu ya katikati inazunguka upande mmoja tu, inapata moto, inakufa. Ni ama matairi yote manne juu ya gari la kubebea, ama propela ifunguliwe. Otomatiki ya kawaida ukiivuta kwa kamba iwe N, usizidi kilomita 30 kwa saa, na iwe safari fupi. Siyo Nyololo mpaka Makambako.

KijanaWaForest
Mkuu unatisha watu bure. Subaru kuna tundu la fyuzi limeandikwa FWD chini ya boneti. Unachomeka fyuzi, inabaki kuvuta mbele peke yake. Unanyanyua pua, unaondoka.

BrekdauniIpogolo
Tundu hilo liko kwenye otomatiki za kawaida, za akina Forester na Impreza za familia. STI (ile Subaru ya mbio) ya manyuo, ya gia za mkono, haina, ina difu ya katikati ya chuma halisi. Otomatiki zenye VTD (mfumo mwingine wa Subaru wa kugawa nguvu mbele na nyuma) nazo hazina. Halafu fyuzi inafanya kazi kwa umeme. Betri umeshaing'oa, fyuzi itamwambia nani?

KijanaWaForest
Sawa, ila imeshafanya kazi mara nyingi.

BrekdauniIpogolo
Kwa gari nzima, ndiyo. Uzi ni wa gari zilizogonga.

BintiIgawilo
Kaka, na huku kwetu ambako selfuloda (gari la kubeba gari) haifiki? Isongole usiku utampata nani?

BrekdauniIpogolo
Dada, tafuta Fuso. Iegeshe matako yakiwa kwenye ukingo wa udongo ulio sawa na bodi lake, pitisha mbao mbili ndefu, mita tatu na kuendelea, maana gari imeshushwa chini na mbao fupi zitang'oa bampa na sampu. Sukumeni kwa mikono, mtu mmoja akifuata nyuma ya tairi na gogo. Kufunga ni kwa mikanda kwenye matairi. Mnyororo kwenye stabilaiza au tairodi unapinda hata kile kilichosalimika.

FundiMshazari
Mmesahau iliyopinduka, na ndiyo kazi mbaya kuliko zote.

Chukua barabara ya Chunya, ukishapita Kawetere, ukungu umeshuka, lami imelowa. Impreza ya tabo inateleza, inagonga tuta la udongo, inalala ubavu wa kulia. Inalala hapo saa tano, sita, mpaka wanakijiji wanakuja kuigeuza. Ikisimama, kwa nje haina hata kitu: vioo viwili, fenda, kioo cha pembeni. Kila mtu anafurahi. Mwenye gari anaingia anapiga stati. Inalia mara moja, nggg, inakwama. Hapo imekwisha.

Sababu ni hii. Silinda za Subaru zimelala, mbili kushoto na mbili kulia. Gari ikikaa ubavu, oili inashuka upande wa chini, inapenya kwenye ringi, na nyingine inapita bomba la pumzi inaingia intakula (kipoza hewa cha tabo). Oili haikandamiziki kama hewa. Pistoni inapanda inaikuta, hakuna pa kwenda, konrodi (mkono wa pistoni) inapinda. Wakati mwingine inawaka kabisa, ukaendesha mwezi mzima, halafu ile rodi iliyopinda inatoboa bloku ukiwa Chimala.

Inavyotakiwa: usiguse stati. Toa betri na boksi la kichujio cha hewa upate nafasi, maana plagi za injini hiyo ya EJ20 ziko ubavuni zimebanana na chesisi. Ng'oa zote nne. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Shika nati ya kranki kwa soketi ya 22, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili, taratibu. Ukihisi imegota, acha. Ikizunguka laini, rudisha betri, piga stati plagi zikiwa nje, weka gunia pembeni maana oili itaruka. Rudia mpaka itoke hewa tupu. Fungua intakula na mabomba yake, mwaga oili, osha, kausha. Oili mpya na filta, lita nne na kitu, pima kwa stiki. Rudisha plagi, washa. Moshi wa bluu dakika kumi za kwanza ni kawaida. Taa ya presha ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima wewe.

Halafu chesisi. Kabla fundi bodi hajashika nyundo, nyoosha stelingi, pima katikati ya hab ya mbele mpaka katikati ya hab ya nyuma, kushoto na kulia. Altezza ni milimita 2,670, Toyota 86 ni 2,570, Mark X ya GRX130 ni 2,850. Upande mmoja ukipungua zaidi ya milimita tano kuna kitu kimesogea: wishboni, au pale wishboni inaposhikilia. Kisha fungua boneti upime mshazari, nati ya juu ya shokapu ya kulia mpaka kona ya sho ya kushoto, na kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, pua imekwenda upande. Futi ya chuma ya fundi seremala inatosha, usisubiri mashine.

Ndagafijo
Hii ya konrodi wengi hawajui. Ikitoboa wanasema wamepewa oili feki.

TundumaLaini
Nyie mnaongelea gari zenye namba. Ngoja niwape ya IT (In Transit, gari inayopita tu kwenda nje ya nchi).

Toyota 86 nyekundu, imetoka bandarini, dereva wa kulipwa anaiwahisha Tunduma. Kitonga kona imemshinda, gari imeruka kingo, ikanaswa na mti chini kule kwenye korongo. Dereva alitoka na mkono umevunjika. Kulipokucha gari ilikuwa mifupa. Taa, rimu nne, rejeta, stelingi, siti, mpaka mikanda ya siti. Siku ya pili injini nayo haipo, na msiniulize walivyoipandisha.

Utamu uko mbele. Gari ya IT haijalipiwa ushuru, inapita kwa dhamana ya wakala wa forodha. Dhamana hiyo inafungwa gari ikishavuka mpaka, siyo ikishakufa njiani. Isipovuka, TRA wanamgeukia wakala kwa kodi yote. Kwa hiyo wakala alikuja na barua, na polisi, na mtu wa TRA, wanahesabu kilichobaki na kufuatilia kilichoondoka. Ukinunua siti ya gari ile, kisheria umeshika mali iliyo chini ya forodha.

BintiIgawilo
Mungu wangu. Hata injini?

KijanaWaForest
Siti zilikuwa rangi gani?

TundumaLaini
Kwa nini unauliza?

KijanaWaForest
Kuna Noah ya abiria Ilula ina siti mbili za spoti nyekundu.

Ndagafijo
😂😂 Abiria wa mbele anakaa kama yuko rali.

MzeeWaUyole
Turudi kwenye mada jamani. Ila kwa mwenye gari ya IT iliyogonga: usiuze hata bampa. Wakala aarifu forodha kwa maandishi siku hiyohiyo, ulinzi uwekwe kabla ya giza. Vijana wawili wa kijiji, na mwenyekiti wa kitongoji ajue majina yao.

DawatiLaBima
Nitasema kidogo, maana bima mnaikumbuka mkishalala mtaroni.

Bima ya mtu wa tatu haitengenezi gari yako. Inalipa uliyemgonga. Bima kubwa ndiyo inakulipa wewe, na hapo wenye michuma wanaanguka sehemu tatu. Ya kwanza ni thamani. Gari ya milioni 30 umeikatia bima ya milioni 18 ili ulipe kidogo. Ukipata hasara ya milioni 10, kampuni inakuhesabu kwamba umejikatia asilimia 60 tu, inakupa milioni 6, na bado inatoa kile kiasi unachopaswa kubeba mwenyewe. Ya pili ni vikorombwezo: tabo kubwa, rimu, kompyuta iliyochezewa, vyote hukuvitaja kwenye fomu. Ya tatu, mashindano. Mkataba wa kawaida haulipi gari iliyokuwa inashindana, na ile video uliyorusha mwenyewe ukikimbizana Iwambi inatosha kuwa ushahidi.

Karatasi: ripoti ya polisi PF 90, ramani ya eneo la ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari, leseni hai, kadi ya gari. Aliyeumia achukue PF 3, fomu ya polisi ya matibabu. Usifungue hata skrubu kabla mkaguzi wa polisi na mtathmini wa bima hawajaiona. Wakikuambia haitengenezeki na wakakulipa thamani yote, mkweche unakuwa wao, usianze kuuza milango. Na kingo za barabara ulizong'oa, TANROADS wanazipima, ankara inakuja kwako au kwa bima yako.

MzeeWaUyole
Nyongeza: ukikataliwa madai na unaona umeonewa, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Siyo lazima uanzie mahakamani.

RangiNaPuti
Mshazari kaongea vizuri ila kwenye kunyoosha msiwatie watu hofu. Chesisi ikipinda kidogo unapasha gesi, unavuta kwa chenibloku ukiwa umefunga kwenye mti, inarudi.

FundiMshazari
Kwenye Land Cruiser ya zamani, labda. Gari hizi chuma cha chesisi kimepikwa kiwe kigumu. Ukikipasha mpaka kiwe chekundu kinalainika, kinabaki na sura tu. Ajali inayofuata kinakunjika kama boksi la maziwa. Kinavutwa baridi, kidogokidogo, kila mvuto unapima. Kilichochanika kinakatwa, kinawekwa kingine kutoka nosikati (pua nzima iliyokatwa kwenye gari nyingine).

RangiNaPuti
Nosikati nzima ya STI Mbeya unaitoa wapi? Mwanjelwa utazunguka mpaka soli iishe.

FundiMshazari
Agiza Dar, Ilala au Gerezani, ila upewe picha ya kibati cha modeli. GDB na GRB ni matoleo tofauti ya STI, haziingiliani.

RangiNaPuti
Hapo tunaelewana. Na mimi niongeze la sumaku: kwenye fenda ya chuma isiposhika, chini kuna puti nene. Kwenye boneti ya STI isiposhika ni kwa sababu ni aluminiamu, usimtukane muuzaji. Boneti hiyo usimpe wa kuchomelea vyuma vya madirisha, ataitoboa yote.

KijanaWaForest
Eabegi zikifumuka, kuna fundi anaweka rizista taa ya dashibodi inazima. Bei ya soda.

FundiMshazari
Taa inazima, eabegi haipo. Kompyuta inadanganywa kwamba iko salama. Badilisha eabegi, badilisha na mkanda: ule uliovuta ghafla kifyatuzi chake kimeshaungua, haufanyi kazi mara ya pili. Huna hela, acha taa iwake, anayekaa mbele ajue.

Ndagafijo
Mimi nasema uza kama ilivyo, nunua IST, lala usingizi.

BrekdauniIpogolo
IST nazo tunazitoa Kitonga. Tatizo ni breki kuchemka. Maji ya breki DOT 3 mapya yanachemka nyuzi 205, yakishanyonya unyevu yanashuka mpaka karibu 140. Yanatoka povu, pedo inazama. Shuka na gia ya pili, badilisha maji kila miaka miwili.

BintiIgawilo
Mzee, ile Altezza ya Mlima Nyoka wameshaiondoa?

MzeeWaUyole
Nimepita sasa hivi. Ipo. Betri haipo, na imekalia mawe upande wa kushoto.