Wodi ya vijana yenye milango ya kufungwa: fujo ni ya mtoto au ya wodi?

Muuguzi_wa_jioni
Habari zenu. Ni mwezi wa nne tangu nihamishiwe wodi ya magonjwa ya akili ya vijana, ile ambayo kila mlango una ufunguo. Tunao tisa, wa miaka 13 hadi 17. Juzi kijana wa miaka 15 alinirushia kiti. Kilinikosa, lakini mikono ilitetemeka hadi nafika nyumbani. Tulimshika watu wanne, akaingizwa chumba cha kutengwa, nami nikaandika kwenye faili: "alifanya fujo bila sababu."

Hilo "bila sababu" limeninyima usingizi. Alikuwa ameniuliza mara tatu kama mama yake amepiga simu. Mara mbili nilimwambia asubiri. Ya tatu nilimjibu kupitia kioo cha ofisi, macho yakiwa kwenye ripoti ya kukabidhi zamu. Wenzangu wanasema ndivyo alivyo. Mbona kwa mwalimu wa uchoraji hana neno? Waliokaa na vijana hawa miaka mingi, nisaidieni.

Mkongwe_wa_wodi
Pole sana dada. Kwanza ongea na msimamizi wako kuhusu hiyo mikono, usiimeze.

Pili, fujo huwa na saa yake. Kwetu tuliweka daftari wiki sita: saa, mahali, nani alikuwepo, na nini kilitokea dakika kumi kabla. Hiyo safu ya mwisho ndiyo iliyotufumbua macho. Matukio mengi yaliangukia kwenye kukabidhiana zamu, wauguzi wote tukiwa ofisini, na kwenye foleni ya simu. Sasa mmoja wetu habanduki ukumbini wakati wa makabidhiano. Na habari mbaya, kama mzazi haji au ruhusa imefutwa, tunampelekea kijana pembeni, tumekaa, na tunabaki naye baada ya kusema. Zamani tulikuwa tunaitupa mlangoni tukaondoka.

Hilo la habari mbaya ni mojawapo ya mambo kumi ya mpango wa Safewards, wa kupunguza migogoro wodini, ulioandaliwa na mtafiti Len Bowers. Ulijaribiwa katika wodi 31 za hospitali 15 Uingereza, matokeo yakatoka 2015: migogoro ilipungua kwa asilimia 15, na hatua za nguvu kama kushika na kutenga kwa asilimia 26.4. Zilikuwa wodi za watu wazima, lakini nionavyo mimi kijana huumizwa na "hapana" zaidi ya mtu mzima.

Mwanasaikolojia_K
Naongezea, na napinga kidogo. Wapo wanaopiga kwa sababu sauti wanazozisikia zimewaamuru. Huyo anahitaji daktari kwanza. Pia wenzake wanahesabika. Mwaka 1999 mtafiti Dishion na wenzake walionyesha kwamba kuwakusanya vijana wenye tabia ngumu pamoja kunaweza kuzidisha tabia hizo, maana wanafundishana kwa kucheka na kushangilia. Kwa hiyo angalia nani alicheka kiti kiliporuka.

Kuna dodoso fupi, EssenCES, linalopima mambo matatu: wagonjwa wanavyosaidiana, usalama unavyohisiwa, na kama wagonjwa wanaona wahudumu wanawajali. Wape vijana walijaze, nanyi mjaze, kisha wekeni majibu mezani pamoja. Pale mnapotofautiana ndipo pa kuanzia.

Niliwahi_kulala_humo
Mimi nililazwa wodi kama hiyo nikiwa na miaka 16. Nilijua nani yuko zamu kwa mlio wa funguo zake. Wa kuzitikisa haraka, tumbo lilinikaza kabla hajafika. Kile kioo cha ofisi nilikichukia kuliko chumba cha kutengwa: unagonga, mtu anakuona, anaendelea kuandika. Nilipiga ngumi kile kioo mara mbili na mara zote mbili walikuja mbio. Ndiyo siku pekee walizokuja mbio.

Muuguzi_wa_jioni
Aliyelala humo, nimesoma ujumbe wako nikalia. Asante.

Leo nimeongeza maelezo kwenye faili, yale maswali matatu na majibu yangu yote, na saa zake. Nilimfuata kijana nikamwambia nilikosea kutomwangalia, na kwamba kiti kiliniogopesha kweli. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mama amepiga. Hakuwa amepiga. Nilikaa naye.