Tulikodi gari la kambi kwenda Natron, tairi la akiba ni la gari jingine. Sasa wanatuita wezi

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Leo ni siku ya 19 tangu turudishe gari la watu pale Arusha, na shilingi 800,000 zetu za dhamana hazijarudi. Hela inauma, lakini hela hutafutwa. Kinachonikosesha usingizi ni meseji waliyomtumia mke wangu, mwalimu, mama wa watoto wawili, wakimwambia kwamba yeye na mimi tumeiba rimu.

Jina la kampuni siliweki hapa, madai nataka kuyafungua rasmi. Naeleza jambo lilivyokuwa.

Mke wangu anafundisha Jiografia sekondari hapa Dodoma, huu mwaka wa kumi na moja. Kila mwaka anachora volkano ubaoni: chemba ya magma chini, njia yake katikati, kasoko juu, na tabaka za majivu na lava pembeni kama maganda ya kitunguu. Mwaka jana mwanafunzi akamuuliza, "Mwalimu, wewe umewahi kuiona?" Alirudi nyumbani na swali hilo, hakula vizuri. Nikamwambia tutakwenda. Tukaweka akiba miezi 14, yeye kwenye mshahara, mimi kwenye duka langu la vifaa vya umeme. Likizo ya Juni ilipofika watoto tukawapeleka kwa bibi yao Kondoa, sisi tukapanda basi la Arusha.

Mpango ulikuwa siku kumi, milima mitatu: Meru, Oldoinyo Lengai, tumalizie na Hanang. Yote mitatu ni ya volkano. Gari tulilokodi ni Prado yenye hema juu ya paa, pamoja na majiko ya gesi, viti, meza na madumu ya maji. 260,000 kwa siku, siku zote kumi tulipe kabla ya kuondoka, na dhamana juu yake. Kwenye mkataba, sehemu ya safari, dada wa ofisini aliandika kwa mkono wake mwenyewe: Momella, Natron, Katesh, yaani miguuni mwa milima hiyo mitatu. Shikeni hapo, maana baadaye walikuja kusema tulipita njia wasiyoijua.

Meru ilikwenda vizuri na sina neno. Gari tuliliacha getini Momella, tukapanda kwa miguu na askari wa hifadhi mwenye bunduki mbele yetu, kwa sababu njia ile ina nyati. Usiku wa kwanza tulilala kibanda cha Miriakamba, wa pili cha Saddle, halafu kileleni mita 4,566 alfajiri, baridi ya kupasua midomo. Kutoka juu unaona mlima ulivyobomoka upande mzima wa mashariki, na ndani yake koni ya majivu imekaa peke yake. Mke wangu alisimama akanionyesha kwa kidole, "Ile ndiyo ninayoichora." Hilo peke yake lilitosha kulipia miezi yote 14.

Tuliposhuka siku ya nne, gari haliwaki. Betri imekufa. Askari wanne wa getini walitusukuma mpaka likaitika. Nikapiga simu ofisini, nikajibiwa, "Kaka, hiyo betri mpya, mtakuwa mmeacha taa." Hatukuacha taa. Nikanyamaza, safari bado ndefu, nikasema nisiiharibu kwa ugomvi wa betri. Leo najuta kunyamaza.

Tulilala Mto wa Mbu, asubuhi tukaingia njia ya Natron. Wanaoijua wanaijua. Lami unaiaga, unabaki na vumbi la majivu na mawe meusi yenye makali kama chupa iliyovunjika. Engaruka tukapita salama. Mbele yake, kama saa tano asubuhi, nikasikia mlio, gari likavuta kushoto. Tairi la nyuma limechanika ubavuni, mpasuko wa urefu wa kidole.

Pancha ni jambo la kawaida, na siilaumu kampuni kwa jiwe. Nikateremsha vifaa. Jeki ikawa inazama kwenye majivu, tukatafuta jiwe bapa tukaiweka juu yake. Nikafungua nati, nikavuta tairi bovu, mke wangu akatoa la akiba kwenye mfuko wake wa turubai. Akalisimamisha, akalisukuma hadi kwangu, nikalinyanyua kulivalisha. Haliingii. Nikazungusha. Haliingii. Nikadhani ni uchovu wangu, nikaliweka chini. Mke wangu akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka kidole kwenye tundu la kwanza na kuhesabu kwa sauti kama anayehesabia watoto wa chekechea: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha akahamia kwenye gari: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.

Gari lina boliti sita. Rimu ina matundu matano. Walitupa tairi la gari jingine, wakatutuma nalo kwenye bonde ambalo mtandao haushiki, jua linachoma hata katikati ya kipupwe, na gari linaweza lisipite kwa saa nzima.

Tulikuwa na maji kama lita nane. Kivuli hakuna, zaidi ya cha gari lenyewe lililo juu ya jeki, na chini ya gari lililo juu ya jeki mtu hakai. Saa nane mchana akapita kijana wa Kimaasai na pikipiki, akasimama bila kupungiwa mkono. Akaliangalia lile tairi, akatuangalia, akasema, "Hawa waliowapa hii hawawapendi." Akalifunga tairi letu bovu kwa kamba nyuma ya pikipiki, akaniambia nibaki na mke wangu, akaondoka nalo Engaruka. Sikumjua, hakunijua. Alirudi saa moja usiku. Fundi alikuwa ameweka tyubu, na kwa ndani kipande cha tairi kuukuu kuziba ule mpasuko. Fundi alichukua elfu 35. Kijana yeye hakutaja bei, nikampa elfu 30, akaona nyingi.

Hizo saa tano kina mama wawili wa boma la karibu walikuja na kibuyu cha maziwa wakakaa na mke wangu. Kiswahili chao kidogo, Kimaasai chetu hakuna, lakini walikaa mpaka giza lilipoingia, na pikipiki iliposikika ndipo wakainuka. Watu ambao hatukuwalipa hata shilingi walitulinda kuliko tuliowalipa 2,600,000.

Tulifika kijiji cha Engaresero usiku, mwendo wa kilometa 20 kwa saa, taa moja inawaka. Hema la juu lilikuwa na zipu mbovu, upepo wa Natron uliingia usiku kucha, asubuhi godoro zima la kijivu. Lakini zipu ni zipu.

Kulipopata mtandao nikapiga ofisini. Nikaeleza kwa adabu kabisa: naomba mtutumie tairi sahihi, hata kwa gari la kupeleka wageni, nauli nitachangia. Jibu: "Mko mbali sana, mtajitahidi hivyo hivyo." Nikauliza kama wanajua wametupa rimu ya gari gani. Kimya, halafu simu ikakatika.

Oldoinyo Lengai tuliupanda, hilo hawakuweza kutunyang'anya. Gari letu tuliogopa kuligusa, tukalipia usafiri mwingine hadi chini ya mlima, saa tano usiku, tukaanza kupanda na kijana wa kijijini. Mlima wenyewe haufiki mita 3,000 lakini haukupi pa kupumzika: majivu yaliyoganda, mifereji iliyochimbwa na mvua, na kadiri unavyopanda mteremko unakuwa mkali mpaka unatumia mikono. Tulifika ukingoni mbingu ikianza kupauka. Chini kabisa ndani ya kasoko kulikuwa na koni ndogo ikipumua, na mara kitu cheusi kikaruka na kuanguka kama tope. Ndiyo lava yake. Mke wangu alinieleza pale pale, tukiwa tumekaa tumeshikana mikono kwa baridi: hii ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hii, ya kabonati ya sodiamu. Joto lake nyuzi 500 hadi 600, wakati lava ya kawaida hufika 1,100 na zaidi. Inatoka nyeusi, ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe kwa siku chache. Ndiyo maana mashavu ya mlima yanaonekana kama yana theluji. Akasema na mwaka 2007, baada ya ardhi kutetemeka siku nyingi upande wa mlima Gelai mwezi Julai, mlima ulianza kurusha majivu Septemba, ukaendelea hadi 2008. Alikuwa analia na kufundisha kwa wakati mmoja. Kijana aliyetuongoza akavua shuka lake moja akamfunika mabegani. Kwao Wamaasai huo ni Mlima wa Mungu, na sauti walikuwa wanaishusha wakiutaja.

Sasa Hanang. Kutoka Natron hadi Katesh ni safari ndefu, na sisi tuna tairi moja lililoshonwa kwa kipande cha tairi, akiba hatuna. Nilitaka tujaribu. Mke wangu akakataa, na alikuwa sahihi: tuna watoto. Hanang ulikuwa na maana yake kwetu. Desemba 2023 udongo na mawe viliporomoka kutoka mlima ule hadi Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa, na yeye alikuwa na mwanafunzi wa bweni mwenye ndugu kule. Alitaka auone mlima, aione na mikondo ile ilipopita, ili akiifundisha aijue. Badala yake tukageuza, tukarudisha gari Arusha siku mbili kabla ya muda. Basi la Dodoma lilipofika Babati, kwenye njia panda ya kwenda Singida, akageuza uso akaangalia upande mwingine.

Pale ofisini siku ya kurudisha, yule jamaa anayejiita meneja alizunguka gari mara moja, akafungua mfuko wa turubai, akasema, "Rimu ya gari hii iko wapi?" Nilidhani sikumsikia. Akarudia. Nikamwambia hiyo ndiyo mliyotupa. Akasema wao hawawezi kumpa mteja rimu ya gari jingine, kwa hiyo tumeibadilisha njiani, tumeuza ya kwao. Mbele ya wateja wengine wawili. Mke wangu ana buti zenye majivu ya Lengai miguuni, anaitwa mwizi. Wakasema dhamana inabaki kufidia rimu na tairi lililochanika. Siku mbili ambazo hatukutumia gari, 520,000, wakasema mkataba haurudishi.

Najua kuna watakaouliza humu, mbona hukukagua. Nilikagua. Nilibonyeza tairi la akiba likiwa limelala nyuma chini ya viti na majiko, lina upepo, lina meno. Jeki nikaiona, spana nikaiona. Matundu ya rimu sikuyahesabu, na ninyi mnaoniuliza hamjawahi kuyahesabu. Mimi nauza nyaya na swichi. Aliyekabidhi lile gari ndiye mwenye kazi ya magari, na mkataba ulimwambia tunakwenda wapi.

Halafu tukapata ushahidi. Wiki iliyopita mke wangu alikuwa anaangalia video za safari na watoto. Moja aliipiga pale uani kwao siku ya kukabidhiwa, saa moja asubuhi, kijana wao anapakia vitu. Sekunde ya 41 mfuko wa turubai unamponyoka, unafunguka, rimu inaonekana wazi. Mwanangu wa miaka saba ndiye aliyehesabu: tano. Nyuma ya kijana linaonekana bango lao, na sauti ya yule dada inasikika ikisema "haraka, haraka".

Nikawatumia hiyo video WhatsApp. Alama mbili za bluu. Saa moja baadaye picha yao ikapotea kwangu, na kwa mke wangu pia. Wametubloku wote wawili.

Sitaki huruma na sitaki kuchangiwa. Nataka 800,000 zangu, nataka 520,000 za siku mbili, na nataka wamwombe radhi mwalimu yule kwa maandishi. Mkataba ninao, risiti ninayo, picha za Engaruka ninazo, na video nimeihifadhi sehemu tatu.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Mwenye uzoefu wa kufungua madai ya kiasi hiki Mahakama ya Mwanzo, je, ni lazima nifungue Arusha walipo wao au naweza hapa Dodoma ninapoishi? Na aliyewahi kupeleka lalamiko la mlaji Tume ya Ushindani, walihitaji nini mkononi siku ya kwanza? Na kama kuna mtu humu aliyekodi Prado ya kijivu yenye hema la kijani, zipu ya kushoto mbovu, akaenda nayo porini mwezi Mei au Juni, tafadhali anitafute. Lile tairi sidhani kama lilianza na sisi.