RTX 3080 inachemka na feni zinapiga kelele: nihamie kwenye maji au kuna njia nyingine?

kasha_jeusi
Habari wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua. Nina kadi ya picha (GPU) RTX 3080 ya GB 10, toleo la feni tatu, ipo Dar kwenye chumba kisicho na AC. Mchana chumba kinafika nyuzi 31. Gemu nzito ikienda nusu saa, programu ya HWiNFO inasoma: kiini cha kadi nyuzi 81, hotspoti (sehemu yake yenye joto kuliko zote) 97, memori 106, feni mizunguko 2,700 kwa dakika. Narekodi sauti pembeni ya kompyuta, kwa hiyo kelele inanikera kuliko hata joto. CPU ni Ryzen 5 5600 na feni yake ya kawaida, sina mpango wa kuigusa. Pawa saplai ni wati 750. Kasha linabeba rejeta (kipoza maji chenye feni) ya milimita 360 mbele na ya 240 juu. Je, nichukue ule mfumo wa maji wa CPU uliokwisha kufungwa kiwandani na kuubana kwenye kadi kwa bracketi, au nijenge mzunguko kamili wa maji? Na kwa joto letu hili, maji yatasaidia kweli?

waya_mwekundu
Mkuu, pochi usiifungue kwanza. Namba zako zinaonyesha mwenye shida ni memori, kiini kiko salama. GDDR6X, aina ya memori iliyo kwenye kadi yako, inaanza kujipunguzia kasi ikifika nyuzi 110, na wewe umebakiza nne tu. Kadi inaona hivyo, inakimbiza feni.

Anza na kupunguza volti, ni bure. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, bonyeza Ctrl+F, utaona mstari wa volti na kasi. Shusha mstari wote kama MHz 250, kisha ishike nukta ya milivolti 850 uipandishe hadi MHz 1,800 na uhifadhi. Nukta zote za kulia kwake zitalala usawa huo huo. Kadi itashuka kutoka wati 320 hadi kwenye 250 hivi, na fremu utakazopoteza ni asilimia chache. Gemu ikijifunga yenyewe, panda hadi milivolti 875 au shusha kasi hadi MHz 1,770. Pima kwa gemu unazocheza kweli, na uanze na zenye ray tracing (mahesabu mazito ya mwanga), maana ndizo zinazoangusha volti ndogo mapema.

Kuhusu kelele: feni ikipunguzwa mzunguko kwa nusu, sauti yake inashuka kama desibeli 15. Ndiyo maana wati 70 pungufu zinasikika sikioni kabla hujazitafuta kwenye grafu.

baridi_kavu
Naongezea kwa waya_mwekundu. Kama kadi ina zaidi ya miaka mitatu, pedi za joto juu ya memori huenda zimeshakauka na kutoa mafuta. Badilisha pedi na pesti ya joto ya kwenye kiini, memori peke yake inaweza kushuka nyuzi 10 au zaidi. Lakini unene wa pedi lazima uwe ule ule wa kiwandani, na kila kampuni ina wake. Pima zilizopo kwa kalipa sehemu ambayo haijakandamizwa.

Njia ya katikati, ambayo watu wanaidharau: ng'oa feni tatu za kadi pamoja na plastiki yake, bakiza hitisinki (chuma cha mapezi kinachopoza), funga feni mbili za milimita 120 kwa tai za plastiki. Zinazunguka 1,000 hadi 1,200 na zinasukuma hewa nyingi kuliko vile vifeni vyembamba. Utahitaji kiunganishi kinachobadilisha soketi ndogo ya kadi kuwa ya feni ya pini 4. Angalia tu kama una nafasi chini ya kadi, maana feni hizo zina unene wa milimita 25.

pampu_d5
Hayo yote sawa, ila kwa mtu anayerekodi sauti na chumba cha nyuzi 31, maji yana nafasi yake. Nianze na swali lako la mwisho. Maji hayawezi kushuka chini ya joto la chumba. Yanachofanya ni kubeba joto kutoka eneo dogo la chipu na kulimwaga kwenye eneo kubwa la rejeta, ili feni zizunguke taratibu. Kwa kadi yako kwenye rejeta moja ya 360, feni zikiwa 1,000, tegemea maji yakae nyuzi 10 hadi 13 juu ya chumba, na kiini nyuzi 12 hadi 15 juu ya maji. Chumba 31, maji 43, kiini 55 na ushei. Ukiongeza na kupunguza volti, unashuka zaidi.

Bracketi ya kubania mfumo wa CPU juu ya GPU siipendekezi kwa 3080. Kraken G12 ya NZXT, kwa mfano, ilitengenezwa kwa kadi za kabla ya mfululizo huu. Na hata ukipata inayokaa, kichwa cha pampu kinagusa kiini peke yake. Chipu 10 za memori na saketi ya umeme zinabaki na kafeni kamoja. Utapata kiini 55 na memori 108, yaani umelipa hela na tatizo lako lipo pale pale. Ukitaka kilichofungwa kiwandani, tafuta kile chenye bloku (kipande cha chuma chenye mifereji ya maji) inayofunika kadi nzima, kama Eiswolf 2 ya Alphacool. Rejeta yake ni ya shaba na unaweza kuongeza maji. Mifumo mingi ya kawaida ina rejeta ya alumini, haifunguki, na maji hupungua kidogo kidogo kupitia mipira.

Kwa mzunguko kamili, orodha ya GPU peke yake ni fupi: bloku ya maji ya modeli yako *kamili*, rejeta 360 ya shaba yenye unene wa milimita 30, feni tatu za 120 za shinikizo, pampu aina ya D5 iliyounganishwa na tangi, fitingi sita za G1/4 (saizi ya nyuzi za skrubu), mpira mita 2, valvu ya kutolea maji na kigawanyo chake, maji lita 2 (moja ya kujaza, nyingine ya akiba na kusuuzia mwisho). Fitingi na mpira vilingane ndani na nje: mpira wa 10/16 (milimita 10 ndani, 16 nje) haukai kwenye fitingi ya 10/13, hata ukibana kwa hasira. Chukua mpira mweusi wa EPDM. Ule wa plastiki angavu unatoa kemikali zake zinazojenga utando na kuziba mifereji ya bloku, na mwanga unalea mwani.

Kwenye bloku usikisie. Kadi mbili za 3080 za kampuni moja zinaweza kuwa na bodi tofauti, na marekebisho ya 2021 yalibadilisha baadhi yake. Toa hitisinki, soma namba iliyochapwa kwenye bodi, linganisha na orodha ya mtengenezaji wa bloku, ndipo ulipe. Mzigo ukishatoka China kurudisha ni ndoto.

Halafu usichanganye alumini na shaba kwenye maji yale yale. Alumini inaliwa, uchafu unaingia kwenye bloku.

kasha_jeusi
Asante sana wakuu. Nimeelewa bracketi niachane nayo. Maswali matatu: maji gani? Hapa vituo vya mafuta vinauza maji ya betri. Unyevu wa Pwani hautaleta matone kwenye bodi? Na umeme ukikatika katikati ya gemu, pampu ikasimama, kadi itaungua?

MombasaRig
La unyevu sahau. Matone hutokea kitu kikiwa baridi kuliko hewa inayokizunguka, na mzunguko wako daima utakuwa na joto kuliko chumba. La umeme pia: pampu ikizimika kadi nayo imezimika, hakuna joto jipya. Cha kuogopa ni pampu kufa kompyuta ikiwa hai. Chomeka waya wa pampu unaosoma kasi ya mzunguko kwenye soketi ya CPU_FAN ya mazabodi, na feni ya CPU uihamishie CPU_OPT au soketi nyingine. BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) ikiona pampu haizunguki, nyingi zinatoa onyo; angalia kama yako ina mpangilio huo.

Maji ya betri ni maji yaliyosafishwa, yanafaa. Soma chupa mara mbili lakini! Rafu hiyo hiyo ina asidi ya betri, na chupa zinafanana. Maji ya dukani ya kunywa hapana, yana madini. Ongeza kulanti ya gari ya glaikoli asilimia 15 hivi, inasaidia kuzuia kutu na vijidudu.

pampu_d5
Kulanti ya gari inafanya kazi, ila nyingi ina ethilini glaikoli, sumu kwa watoto na paka, na ladha yake ni tamu. Pia baadhi ya watengenezaji wa bloku za akriliki wanakataza. Kama unaweza kuagiza, agiza ya kompyuta isiyo na rangi. Zile zenye rangi ya maziwa zinaganda kwenye mifereji, ni za kupigia picha tu.

Sasa ufungaji. Washa kadi dakika 10 ipate joto, pesti ilainike. Zima, toa, fungua skrubu nne za springi nyuma ya kiini kwa mtindo wa msalaba. Hitisinki izungushe kidogo kidogo hadi iachie, usivute moja kwa moja, kuna nyaya nyembamba za feni chini yake. Safisha kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Weka pedi kwa unene ulioandikwa kwenye karatasi ya bloku, *si* ule wa hitisinki ya zamani.

Rejeta mpya isuuze kwa maji ya moto mara tatu nne hadi yatoke masafi, kisha malizia na maji yaliyosafishwa. Mabaki ya kulehemu ndiyo yanayochafua mizunguko mipya.

Kujaza: toa nyaya zote za umeme kwenye mazabodi na kadi, acha pampu peke yake. Kwenye plagi ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi ulio jirani yake, pawa saplai itawaka. Jaza tangi, washa sekunde chache, zima kabla tangi halijakauka, jaza tena. D5 hulainishwa na maji yenyewe, ikizunguka kavu inajiharibu. Inamisha kasha pande zote hewa itoke. Kisha acha pampu saa 24, tishu nyeupe chini ya kila fitingi.

baridi_kavu
Ukipata geji, jaribu kwa hewa kabla ya maji: bar 0.5, dakika 20, sindano isisogee. Pampu ya baiskeli inatosha.

Na feni zisifuate joto la GPU, zitapanda na kushuka kila sekunde na maikrofoni itazidaka. Weka kihisi cha joto cha G1/4, kiunganishe na mazabodi kama ina soketi yake. Maji yakiwa 36 feni 700, yakifika 45 feni 1,100. D5 iache kwenye asilimia 50. Haina haja ya mbio: kwa lita 3 kwa dakika, wati 320 zinapandisha maji nyuzi 1.5 tu kupita kwenye bloku.

waya_mwekundu
Jambo moja la kujua kabla ya kununua: ule mlio mwembamba wa koili za umeme za kadi, maji hayauondoi, na feni zikinyamaza utausikia vizuri zaidi. Simamisha feni kwa sekunde chache gemu ikiwa inaendelea, sikiliza. Kama mlio upo, weka kikomo cha fremu (picha kwa sekunde), unapungua.

kasha_jeusi
Nimejaribu, mlio upo kidogo ila fremu 90 zinautuliza. Volti nayo nimeshusha: kiini 72, memori 98, feni 1,900. Nikifunga bloku nitajuaje imekaa sawa?

pampu_d5
Tofauti ya hotspoti na kiini. Ikiwa 10 hadi 15, umefunga vizuri. Ikizidi 20, pedi mojawapo ni nene na inainua bloku kutoka kwenye kiini, au skrubu hazijabana sawa. Memori ikibaki juu ya 90 wakati kiini ni 50, hapo pedi ni nyembamba, haigusi. Ufungaji wa kwanza, kabla ya maji, funga, fungua tena na utazame: pesti iwe imeenea kiini chote, na kila pedi iwe na alama ya chipu.